Maswali ya Wasomaji: Futiboli ya Chuo na Safari ya Kurudi Karibu na Nyumbani

Futiboli tunayoijibia hapa ni ile ya Kimarekani, ya kofia ngumu na mpira wa umbo la yai, inayowalipia masomo ya chuo maelfu ya vijana. Familia nyingi za Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania zilizoko Marekani zimeingia humo bila kuujua mchezo: kocha wa sekondari amemwona kijana mrefu, mwenye mbio, akamwambia aje mazoezini, na miaka mitatu baadaye wazazi wamewekewa makaratasi mezani. Sheria tunazozitaja ni za Divisheni I (ngazi ya juu) ya NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo, mwaka wa masomo 2025/26. Zimekuwa zikibadilika karibu kila mwaka tangu 2021, hivyo thibitisheni tarehe yoyote kwenye ofisi ya kanuni za michezo ya chuo kabla ya kuitegemea.

Shikamooni. Mwanangu yuko mwaka wa pili katika chuo kimoja huko Texas, anacheza futiboli kwa ufadhili kamili. Baba yake ameanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kijana anataka kuhamia chuo cha karibu ili awe anafika nyumbani mwisho wa wiki. Anasema akishaingia kwenye potali mambo yatakuwa sawa. Je, ufadhili utapotea? Na kwa kuwa sababu ni ugonjwa wa mzazi, hakuna njia ya haraka? — Mama, Des Moines, Iowa

Marahaba mama, na pole kwa kuuguza. Tuanze na hiyo potali, maana hapo ndipo vijana wengi huteleza.

Potali ya uhamisho ni orodha ya kompyuta ya NCAA, iliyoanza Oktoba 2018. Jina la mchezaji likiwa humo, makocha wa vyuo vingine wanaruhusiwa kuzungumza naye. Zaidi ya hapo potali haimpi kitu. Haimtafutii chuo wala haimhakikishii nafasi, na chuo anachokiacha hakilazimiki kumrudisha akibadili mawazo. Siku jina linapoingia, chuo chake kina haki ya kuusitisha ufadhili kuanzia mwisho wa muhula ule. Kwa hiyo ndiyo, ufadhili unaweza kupotea, na unaweza kupotea kabla hajapata mwingine. Kila dirisha hubaki na vijana wasioitwa na yeyote, na wengi wao waliingia kwa kuwa rafiki aliwaambia simu zitaita zenyewe.

Dirisha la futiboli kwa mwaka wa masomo 2025/26 ni moja tu: Januari 2 hadi 16, 2026. Lile la Aprili limefutwa. Tarehe hizo zinahusu kuingia kwenye potali. Akishaingia ndani ya muda, anaweza kuchagua chuo baadaye. Ugonjwa wa mzazi peke yake haufungui dirisha. Nje ya tarehe hizo mlango hufunguka kocha mkuu anapoondoka (wachezaji wake hupewa siku 15, zinazohesabiwa kuanzia siku ya 5 baada ya kocha mpya kutangazwa) au chuo chenyewe kinapomnyima mchezaji ufadhili wake.

Utaratibu ni huu. Anaandika ombi kwa ofisi ya kanuni za michezo ya chuo chake na kupitia somo fupi la mtandaoni kuhusu haki zake. Ofisi ina siku 2 za kazi kuliingiza jina. Asisubiri Januari 16 jioni. Kabla jina halijaingia, kocha wa chuo kingine haruhusiwi kumtafuta, iwe kwa simu au kwa kumtuma mtu. Kijana mwenyewe, hata hivyo, hazuiwi kufanya utafiti wake. Kila chuo huweka kikosi chake hadharani kwenye tovuti. Achukue vyuo vinne au vitano vya karibu, ahesabu waliopo kwenye nafasi anayocheza yeye, atazame wangapi wanamaliza mwaka huu na wangapi ni wa mwaka wa kwanza. Kama yeye ni beki wa pembeni na chuo kina mabeki wa pembeni tisa, sita wakiwa wadogo kwake, atakwenda kusugua benchi.

Sasa masomo. Tunaomba mama usome sehemu hii mara mbili, kwa sababu uhamisho mwingi hukwama hapa na si uwanjani. NCAA inataka mchezaji anayeanza mwaka wa tatu awe amemaliza asilimia 40 ya shahada yake, wa nne 60, wa tano 80. Asilimia hiyo hupigwa kwa shahada ya chuo kipya. Tuseme ana krediti (vipimo vya masomo aliyofaulu) 45 Texas. Chuo kipya kinapokea 39, kwa sababu somo alilopata D hakilitaki, na lingine hakina mfano wake. Kati ya hizo 39, zinazoingia kwenye fani anayoisomea huko ni 30 tu. 9 zilizobaki zimepokelewa lakini hazisogezi shahada. Shahada ni krediti 120, asilimia 40 ni 48. Kufikia Agosti atahitaji krediti 18 zaidi: 12 za muhula wa masika na 6 za kiangazi. Inawezekana, ila hana nafasi ya kufeli hata somo moja. Na akibadili fani baada ya kufika, hesabu inaanza upya.

Kwa hiyo, kabla ya kuingia potali, achukue transkripti yake (karatasi rasmi ya alama zake) pamoja na mihtasari ya kila somo alilosoma (ile karatasi ambayo mwalimu hutoa siku ya kwanza). Vyuo vingi vya serikali vina jedwali la mtandaoni linaloonyesha somo la chuo fulani linahesabiwa kama lipi kwao. Baada ya jina kuingia na kocha kuonyesha nia, jambo la kwanza kuomba ni tathmini ya krediti kwa maandishi kutoka ofisi ya masomo. Neno la kocha kwamba "tutalishughulikia" halitoshi, kwani anayekubali krediti ni ofisi ya masomo.

Asiondoke kabla ya mitihani ya Desemba. Mchezaji wa futiboli anatakiwa kufaulu krediti 9 katika muhula wa vuli. Akizikosa anaweza kukaa nje mechi nne za mwanzo wa msimu unaofuata. Mawazo yakiwa nyumbani, mtihani wa mwisho ndio wa kwanza kusahaulika.

Kuna na mambo madogo yanayouma. Vyuo vingi huzuia transkripti ya mwisho ya mwanafunzi anayedaiwa, hata kama deni ni faini ya maegesho au kitabu cha maktaba. Alipe kila kitu Desemba. Kama amepanga nyumba nje ya chuo, mkataba wa miezi 12 hauvunjiki kwa sababu amehama timu. Atafute mwanafunzi wa kumwachia chumba, na mwenye nyumba akubali kwa maandishi. Mihula ya masika huanza katikati ya Januari, hivyo aliyeingia potali tarehe 14 anaweza kuwa na siku tano za kukubaliwa, kutuma transkripti, kupata bweni na kusajili masomo. Akichelewa, anakosa mazoezi ya masika, na hayo ndiyo kocha hupangia kikosi.

Na hapo Iowa, mwangalie mbali zaidi ya majina mawili makubwa. Iowa State iko Ames, mwendo wa dakika 40 hivi kutoka kwenu. Iowa iko Iowa City, karibu saa mbili. Hizo ni FBS, daraja la juu kabisa, na ushindani wake ni mkali. Northern Iowa ya Cedar Falls iko daraja la FCS, ambako kwa kawaida ufadhili hugawanywa vipande, mmoja akapata nusu na mwingine robo. Drake iko Des Moines penyewe, lakini timu yake ya futiboli haitoi ufadhili wa michezo; hutoa msaada wa masomo na wa kipato. Grand View, papo hapo mjini, iko chini ya NAIA, shirika jingine la michezo ya vyuo, ikiwa bingwa wa NAIA wa 2013 na 2024. Ufadhili kamili wa Texas ukigeuka nusu ya ufadhili Iowa, tofauti italipwa na nani? Jazeni FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa masomo, mapema. Mkimbizi, aliyepewa hifadhi na mwenye kadi ya kijani wanastahili, na ruzuku ya Pell hufikia dola 7,395 kwa mwaka, hairudishwi.

La mwisho mama, kuhusu mwisho wa wiki. Mechi ni Jumamosi, na Jumapili ni matibabu ya majeraha na kutazama video. Kuanzia Agosti hadi Novemba hatafika nyumbani Jumamosi hata akiwa Ames. Anachopata kwa kuwa karibu ni siku yake moja ya mapumziko ya wiki, na uwezo wa kufika hospitali usiku uleule simu ikipigwa. Kwa mgonjwa wa kusafishwa damu hiyo ni faida kubwa, nasi tunaona sababu yake ni nzuri. Ila aihesabu faida hiyo kama ilivyo. Na kabla ya yote, amweleze kocha wake wa sasa hali ya baba. Wapo makocha watakaompa ruhusa ya kusafiri na kumlindia nafasi, na hapo huenda uhamisho usihitajike.

Nauliza kwa kifupi. Kijana wetu alisaini karatasi ya malipo na chuo chake, miaka miwili. Sasa anataka kuhama. Karatasi ile inamfunga? — Baba, Phoenix, Arizona

Inaweza. Tangu Julai 1, 2025, baada ya jaji Claudia Wilken kuidhinisha makubaliano ya kesi ya House (ya wachezaji dhidi ya NCAA), vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Kikomo cha mwaka wa kwanza, 2025/26, ni kama dola milioni 20.5 kwa chuo, kwa michezo yote. Malipo hayo huja na mkataba, na mikataba mingi ina kifungu kinachosema mchezaji akiondoka kabla ya muda, yeye au chuo kipya kirudishe kiasi fulani.

Kesi ya kuisoma ni ya Xavier Lucas, beki wa Wisconsin anayetoka Florida. Desemba 2024 aliomba kuingizwa potali ili arudi karibu na nyumbani kwa sababu za kifamilia. Wisconsin ilikataa kuliingiza jina, ikisema alishasaini mkataba wa malipo wa miaka miwili. Akajiondoa chuoni, akajiandikisha Miami kama mwanafunzi wa kawaida bila kupitia potali, na msimu wa 2025 akaichezea. Juni 2025 Wisconsin iliishtaki Miami mahakamani. Njia aliyopita ilimfikisha, lakini alikuwa na mwanasheria na chuo kilichokuwa kikimtaka. Kijana asiye na hivyo viwili asijaribu.

Tafuteni kwenye karatasi yenu mambo manne: tarehe ya kuanza na kuisha, kiasi cha kurudisha akiondoka, nani anayerudisha, na kinachotokea kocha akifukuzwa. Msipoelewa, mlipeni mwanasheria wa mikataba kwa saa moja. Na asije akasema fedha zote ni zake: hakuna kodi iliyokatwa juu. Akipata faida ya dola 400 au zaidi kwa mwaka, anatakiwa kujaza fomu ya kodi, na kodi ya aliyejiajiri peke yake ni asilimia 15.3, kabla ya kodi ya mapato. Aweke kando karibu theluthi ya kila malipo, kwenye akaunti asiyoigusa.

Mimi ni mwanafunzi, niko darasa la 10. Nilifika hapa kutoka kambi ya Nyarugusu. Kocha ananiambia nina kipaji cha mstari wa mbele, lakini mshauri wa shule anasema huenda masomo yangu hayatakubaliwa na NCAA. Nifanye nini? — Abilene, Texas

Mdogo wetu, umeuliza mapema, na hilo limekuokoa nusu ya kazi.

NCAA inahesabu masomo 16 ya msingi tangu darasa la 9: Kiingereza miaka 4, hisabati 3, kuanzia Aljebra ya kwanza kwenda juu, sayansi 2, sayansi ya jamii 2, somo 1 zaidi la Kiingereza, hisabati au sayansi, na 4 za ziada, ambazo zinaweza kuwa yoyote kati ya hayo, lugha ya kigeni, falsafa au dini linganishi. Wastani wa masomo hayo 16 usiwe chini ya 2.3 kati ya 4.0. Mtihani wa SAT au ACT hautakiwi tena na NCAA tangu 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuutaka.

Mtego uko kwenye neno "kabla". Masomo 10 kati ya 16 lazima yaishe kabla ya kuanza darasa la 12, na 7 kati ya hayo 10 yawe Kiingereza, hisabati au sayansi. Alama za hayo 10 zikishafungwa hazibadiliki. Kurudia somo darasa la 12 ili kuinua wastani hakukusaidii. Wewe uko darasa la 10, kwa hiyo Aljebra ikikwenda vibaya, irudie kiangazi hiki. Usingoje.

Nadhani mshauri wako ana wasiwasi na mambo mawili. La kwanza ni Kiingereza cha wageni. Madarasa ya mwanzo ya kujifunza lugha kwa kawaida hayahesabiwi. Yale ya juu, yanayolingana na Kiingereza cha kujiandaa na chuo, yanaweza kukubaliwa. Kila sekondari ina orodha yake ya masomo yaliyoidhinishwa kwenye tovuti ya kituo cha NCAA cha kuthibitisha sifa. Andika jina la shule yako, ufungue orodha, ulinganishe jina la kila somo lako herufi kwa herufi na lililopo pale. Somo lisilokuwepo kwenye orodha ni sawa na hukulisoma. Mwombe mshauri akuhamishie darasa lililoidhinishwa muhula ujao, au shule iombe somo liidhinishwe.

La pili ni saa. NCAA huanza kuhesabu miaka minne siku ulipoanza darasa la 9 kwa mara ya kwanza, popote duniani. Wakongo wa Nyarugusu husoma kwa mtaala wa Kongo, ambako mwaka wa tisa wa masomo ni mwaka wa tatu wa sekondari kwa hesabu ya zamani. Kama ulikwisha kuuanza kule kisha hapa ukawekwa darasa la 9 tena, saa yako ilianza kambini. Usilifiche jambo hilo. Vyeti huja kujulikana, na kijana aliyeficha hupoteza zaidi ya aliyeeleza. Tafuta ripoti zako za shule kambini, hata kwa picha ya simu kutoka kwa mwalimu aliyebaki, uzifasirishe kwa Kiingereza na mfasiri anayetambulika, uzipeleke kwenye kituo pamoja na nakala asilia. Ada ya akaunti husamehewa familia za kipato cha chini. Mshauri wa shule ndiye anayethibitisha.

Ikitokea hukufuzu, njia ya chuo cha miaka miwili ipo wazi, na ni ya heshima. Utatakiwa kumaliza stashahada, kusoma mihula mitatu ya muda wote, kuwa na krediti 48 zinazohamishika na wastani wa 2.5. Iowa Western, chuo cha miaka miwili kilichoko Council Bluffs, kilikuwa bingwa wa taifa wa ngazi hiyo 2022 na 2023, na makocha wa vyuo vikubwa huenda pale kila mwaka kutafuta watu wa mstari wa mbele.

Kocha wa chuo amempigia mwanangu wa darasa la 11, akamwambia "una ofa". Tumefurahi, tumetangaza kanisani. Jirani anatuambia ofa si kitu. Ukweli uko wapi? Na je, chuo cha karibu kikija na ofa ndogo, kipi kichukuliwe? — Baba, Louisville, Kentucky

Jirani amesema kweli nusu. Ofa ya mdomo haimfungi kocha, na ahadi ya kijana haimfungi kijana, mpaka karatasi ya ufadhili itiwe saini. Kipindi cha mapema cha kumwaga wino ni mwanzoni mwa Desemba ya darasa la 12, kingine ni Februari. Ile barua maarufu ya nia ya kitaifa iliondolewa Oktoba 2024. Siku hizi kinachosainiwa ni mkataba wa ufadhili wenyewe.

Kocha mmoja anaweza kutoa ofa mia na zaidi kwa nafasi ishirini. Baba, muulize hivi, kwa upole, na uandike majibu: Mwanangu akisema ndiyo leo, mtampokea? Ufadhili ni kamili au sehemu, na unalipia nini: ada, bweni, chakula, vitabu? Ni wa mwaka mmoja unaohuishwa au wa miaka yote? Akiumia? Mnachukua wangapi wa nafasi yake mwaka huu, na wangapi kutoka potali? Swali la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Vyuo vilivyokubali makubaliano ya House vina kikomo cha wachezaji 105, na kila nafasi anayopewa mtu mzima wa miaka 22 kutoka potali, kijana wa sekondari ameikosa. Kocha anayejibu "tutaona" amekujibu.

Angalieni pia maneno mawili yanayochanganya. Kuna nafasi kikosini bila ufadhili: atavaa jezi, lakini ada ni yenu. Na kuna mwaliko wa kambi ya mazoezi ya kiangazi. Huo hutumwa kwa maelfu ya vijana, hulipiwa, na si ofa. Ziara rasmi ndiyo chuo hulipa, pamoja na nauli ya wanafamilia wawili. Nendeni naye. Muombeni kuona chumba cha kusomea na kuzungumza na mshauri wa masomo wa timu bila kocha kuwepo.

Kuhusu karibu na mbali, maoni yetu ni haya: kama ofa ya karibu inalipia angalau ada na chakula, na kocha ana mkataba mrefu, ipewe uzito mkubwa. Kijana wa miaka 18 anayeumia goti Oktoba, akiwa mbali na ndugu, na timu ikiendelea bila yeye, ndiye huyo anayetuandikia Januari akitafuta njia ya kurudi. Lakini asikae karibu kwa woga tu. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda Benedicto Kiwanuka, alizaliwa Indianapolis, akaenda Boston College umbali wa zaidi ya kilomita 1,300, akabaki hapo mpaka New York Giants, timu ya ligi ya kulipwa, walipomchukua raundi ya kwanza ya uteuzi wa wachezaji 2006. Tim Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Quebec, alivuka mpaka kwenda Michigan, na Novemba 1995 akakimbia yadi 313 dhidi ya Ohio State. Umbali haukuwadhuru kwa kuwa chuo kilikuwa sahihi.

Je, wachezaji wakubwa waliorudi nyumbani walifanikiwa? — Msomaji, Portland, Maine

Wengine. Quinn Ewers wa Southlake, Texas, alikwenda Ohio State 2021, akacheza mipira miwili tu ya mechi moja mwaka mzima, Desemba akahamia Texas. Huko akawa kwotabeki (mrusha mpira anayeongoza mashambulizi) wa kwanza kwa misimu mitatu, na timu ikafika nusu fainali ya taifa katika misimu ya 2023 na 2024. Nico Iamaleava wa Long Beach, California, aliondoka Tennessee Aprili 2025, baada ya kuifikisha kwenye mchujo wa ubingwa, akaenda UCLA, karibu na kwao. Mechi tatu za kwanza UCLA ilifungwa zote, na kibarua cha kocha DeShaun Foster kikaota nyasi katikati ya Septemba. Angalia tofauti: Ewers alikuta timu iliyokuwa ikijengwa na kocha aliyedumu. Iamaleava alikuta kocha ambaye kiti chake kilikuwa kinatikisika. Anayehama achunguze miaka iliyobaki kwenye mkataba wa kocha. Kwa vyuo vya umma habari hiyo huwa wazi.

Mpwa wangu alitoka Kenya kwa viza ya mwanafunzi, F-1. Ameahidiwa pesa za matangazo na chuo cha karibu na kwangu. Ahame? — Mjomba, Dallas, Texas

Mjomba, pesa hizo zisiwe sababu. Mwenye F-1 amewekewa mipaka mikali ya kazi: ndani ya chuo si zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na nje ya chuo kwa kibali maalumu. Kulipwa kupiga picha ya tangazo ndani ya Marekani kunaweza kuhesabiwa kazi isiyoruhusiwa, na adhabu yake ni viza, siyo faini ya michezo. Ufadhili wa masomo hauna tatizo hilo. Kabla ya kusaini chochote cha malipo, aone mwanasheria wa uhamiaji. Wakala wa wachezaji hatoshi.

Akihama kwa sababu nyingine, rekodi yake ya uhamiaji nayo lazima ihame. Apate barua ya kukubaliwa chuo kipya, amwone afisa wa wanafunzi wa kigeni wa chuo cha zamani, wakubaliane tarehe ya kuachilia rekodi, kisha chuo kipya kimtolee I-20 mpya (cheti cha mwanafunzi wa kigeni). Masomo mapya yaanze ndani ya miezi 5. Tarehe ya kuachilia ikishapita, chuo cha zamani hakiwezi tena kuirudisha, hivyo isipangwe kabla kocha mpya na ofisi ya udahili hawajathibitisha kwa maandishi.

Chuo hakitaki kuniambia alama za mwanangu, na mimi ndiye mzazi. Ni haki? — Mama, Lowell, Massachusetts

Ndiyo, ni sheria ya taifa. Akishaanza chuo, kumbukumbu za masomo ni zake. Kuna fomu ya ridhaa kwenye ofisi ya msajili. Aijaze, ataje jina lako, na watazungumza nawe. Mwambie aijaze Agosti anapoingia, maana Januari, dirisha likiwa wazi na simu zikiita, hamtakuwa na muda wa kuitafuta.